Zawose Queens: Walioitikia Nyuma Wameshika Uongozi

Nyumba ya Zawose, ukoo wa wanamuziki wa Kigogo wa Bagamoyo, imebadili mwelekeo wa muziki wake mara tatu katika kipindi kisichozidi robo karne. Alianza Hukwe Zawose mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipotoa Assembly pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Akafuata mwanawe Msafiri mwaka 2017 na Uhamiaji. Juni 2024 wakaja Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, kwa jina la The Zawose Queens, na albamu yao ya kwanza, Maisha. Swali la kwanza ambalo wapenzi wa muziki wa asili huliuliza juu ya kazi za namna hii ni moja tu: mashine hazijaua ladha? Ni swali halali na nitalijibu, ila nasema mapema kwamba ni swali dogo. Zisikilize albamu hizi tatu mfululizo. Ile ambayo sauti yake haishtui sana ndiyo yenye mageuzi makubwa kuliko zote, nayo ni hii ya kina dada.

Msomaji atauliza mtu wa Cheyo hapa Tabora anatafuta nini katika muziki wa Wagogo. Jibu ni barabara. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata Ugogo na kupumzika hapa Unyanyembe kabla ya kugawanyika, mkono mmoja kwenda Ujiji, mwingine kuelekea Karagwe. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kaze, yaani hapa hapa kwetu, mwezi wa Novemba. Ugogo katikati palijulikana kwa mambo mawili, uhaba wa maji na hongo. Ni misafara michache iliyopita bila kulipa vitambaa na shanga kwa watemi, na mazungumzo ya hongo yaliweza kula siku nzima, pengine zaidi, huku mizigo imewekwa chini. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapo kwenda na kurudi walikuwa waimbaji, na wasafiri walioandika juu yao wamelitaja hilo, wengine kwa kulalamika kwamba nyimbo nyingine ziliwadhihaki wenyewe.

Ala nazo zilitembea. Liko zeze la Kinyamwezi la kijiti chenye vinundu vya kubania uzi na kibuyu kinachowekwa kifuani. Watafiti wa muziki wa Afrika wamelifuatilia kutoka ukanda wa Bahari ya Hindi hadi ndani kabisa ya Kongo, na ukiichora safari yake kwenye ramani unapata njia ya misafara. Zeze la Mgogo ni kitu kingine, lina upinde na hukwaruzwa, ingawa jina ni lile lile. Kwa hiyo anayesema muziki wa bara ulikaa palepale tangu mababu mpaka alipokuja prodyuza wa Kizungu na kompyuta yake, hajui alichokuwa anabeba babu yake mabegani.

Hukwe alifanya safari hiyo ya misafara kwa mtindo wa karne ya 20. Alizaliwa Ugogo, akachunga ng'ombe, akajifunza zeze na ilimba. Sauti yake ikamfikia Mwalimu Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam wakati serikali changa ilipokuwa inakusanya wasanii wa ngoma kuunda kundi la taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na huko akafundisha, akajenga, akazaa ukoo mkubwa wa wanamuziki. Miaka hiyo ya 1980 rekodi zake zikaanza kutoka London na Japani. Mwaka 1996 lebo ya Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ikatoa Chibite. Ukitaka kujua nyumba hii ilianzia wapi, Chibite ndiyo kituo: sauti, zeze, ilimba, ngoma, basi.

Hapa lazima nisimame kwenye ala yenyewe, maana bila kuielewa hakuna mjadala wa mashine utakaokwenda mbali. Ilimba ya Kigogo ni kisanduku cha mbao kinachopakatwa. Juu yake zimepangwa ndimi za chuma zilizofuliwa, nyingi sana zile za Hukwe, na si zote zinazopigwa. Baadhi zipo ili zitetemeke zenyewe jirani zao zinapoguswa kwa dole gumba. Kwenye tundu la kisanduku hubandikwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui. Ulimi ukilia, utando nao hutetemeka, na ndiyo maana ilimba haina ile sauti safi ya kengele. Ina mvumo na ukwaruzo unaoifunika noti. Fundi wa sauti asiyejua atadhani spika yake imepasuka. Nimesikia rekodi za ala za namna hii ambazo mtu amekaa na kuchuja mvumo huo wote kwa kudhani anasafisha, akabaki na kitu kinachofanana na saa ya mezani.

Jambo la pili ni noti zenyewe. Chukua uzi wa zeze, uuguse katikati bila kuukandamiza, utatoa sauti ya juu. Uuguse kwenye theluthi, kwenye robo, kwenye moja ya tano, endelea hivyo, kila mahali utapata sauti yake ya maumbile. Ngazi ya muziki wa Kigogo imejengwa juu ya sauti hizi, hasa zile za kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Humo imo ile ya saba, ambayo kinanda hakina. Noti ya kinanda iliyo karibu nayo iko juu zaidi kwa kiasi kinachokaribia theluthi ya nusu toni. Ni tofauti ndogo kwenye karatasi, kubwa sikioni. Mpiga kinanda akishika kodi zake za kawaida juu ya ilimba, yeye au mpiga ilimba ataonekana amekosea, na kwa kuwa masikio yetu yamelelewa na vinanda vya kanisani na gitaa za dansi, anayehukumiwa huwa ni Mgogo.

Sasa turudi kwenye Assembly. Michael Brook alikuwa tayari amefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, na anajulikana kwa kubuni gitaa ambalo noti yake haifi mpaka mpigaji aamue. Hilo lilikuwa chaguo la akili. Gitaa linaloshikilia sauti moja ndefu halina haja ya kodi. Linaweza kukaa chini ya ilimba bila kugombana na ile noti ya saba. Brook alizungusha vipande, akarundika sauti za Hukwe juu ya sauti za Hukwe, akajaza nafasi zilizokuwa tupu. Matokeo ni mazuri na ni mazito. Kuna mahali sauti ile ya ajabu ya Hukwe, iliyoweza kushuka mpaka kifuani na kuruka mpaka utosini katika pumzi moja, inaogelea kwenye ukungu wa umeme na unasahau kabisa uko wapi. Na hapo ndipo ninapopata taabu. Muziki wa Kigogo una ardhi. Miguu ya wachezaji inasikika, njuga zinasikika. Assembly imeinyanyua miguu ile ikaelea hewani. Kwa msikilizaji wa Ulaya aliyekuwa anatafuta utulivu, sawa. Kwa aliyewahi kuona ngoma hizi zikichezwa, kuna kitu hakipo.

Lakini angalia nani yuko katikati ya albamu ile. Ni Hukwe, mwanaume mwenye zeze, kiongozi wa wimbo, kama alivyokuwa kwenye Chibite. Mazingira yamebadilika, kiti hakijabadilika. Kipindi hicho hicho yeye na mpwa wake Charles walikuwa wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel katika ziara ya Growing Up, watu wawili tu mbele ya kumbi kubwa. Hukwe akafariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na kiti kile kikabaki wazi.

Msafiri alikalia upande wake wa kiti kwa namna nyingine. Uhamiaji, iliyotolewa na Soundway ya London, ilitayarishwa na Mwingereza Sam Jones. Hii si albamu ya ukungu. Ina besi, ina ngoma zinazokanyaga chini, ina mwangwi wa kurudiarudia wa mtindo wa dabu ya Jamaika, na ina vinanda vya umeme ambavyo kwa sehemu kubwa vinakaa kwenye noti moja au mbili na kuiachia ilimba uwanja. Yaani somo la Brook limetumika, ila kwa mtu anayetaka watu wacheze. Msafiri anatunga, anaimba, anapiga zeze na ilimba mwenyewe, na sauti yake haijaribu kuwa ya baba yake. Hana yale maruko ya kifuani hadi utosini, anaimba wastani, karibu na maikrofoni, kama mtu anayezungumza nawe. Wako waliomlaumu kwa hilo. Mimi naona ndiyo busara yake. Mtoto wa mwimbaji mkubwa akianza kushindana na koo la baba, ameshashindwa kabla ya kufungua mdomo.

Upungufu wa Uhamiaji uko kwingine. Kwa kuwa mapigo yameandaliwa mapema na kompyuta inayahesabu kwa usawa, ilimba mara nyingine inalazimika kwenda sambamba na hesabu ambayo si yake. Kwenye muziki wa Kigogo dole gumba la kulia na la kushoto huhesabu tofauti, na utamu unatoka kwenye kule kupishana. Pale mashine inapoamua sehemu ya kwanza ya pigo iko wapi, fumbo linafumbuliwa na msikilizaji anapewa jibu ambalo hakuliomba. Nyimbo zinazomwachia Msafiri aanze peke yake, mashine ikaingia baadaye, ndizo zinazodumu.

Basi tufike kwenye Maisha.

Kwa desturi ya ukoo huu, na ya Wagogo kwa jumla, zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume. Wanawake walikuwa na muheme, ile ngoma yenye kiuno chembamba inayobanwa mapajani, na muheme si kazi ndogo. Katika sehemu nyingi za nchi hii ngoma ni ya wanaume, Ugogo wanawake ndio mabingwa wake. Na walikuwa na uitikiaji. Uitikiaji wa Kigogo ni wa sauti mbili, tatu, nne kwa pamoja, zimepandana kwa mpangilio unaofuata ile ngazi ya sauti za maumbile niliyoieleza. Rekodi nyingi za muziki wa Kigogo zinasimama juu ya ukuta huu. Jina linaloandikwa juu ya jalada, hata hivyo, ni la anayeimba mbele ya ukuta.

Pendo na Leah wamekulia ukutani. Kwenye Maisha wametunga, wanaongoza nyimbo, na wanapiga ala ambazo mama zao hawakuzishika hadharani, yaani ilimba na chizeze (zeze la Kigogo), pamoja na kayamba na ngoma zao za siku zote. Watayarishaji ni Oli Barton-Wood na Tom Excell, Waingereza wote wawili, na lebo ni ile ile Real World. Kwa karatasi basi ni hadithi ile ile ya Assembly: lebo ya Uingereza, watayarishaji wa Kizungu, mashine. Ukiisikiliza ni jambo jingine kabisa.

Sababu ni ya kimuziki, si ya siasa za jinsia peke yake. Katika wimbo wa Kigogo wa kawaida mwongozaji hutoa mwito kwa sauti moja, kundi linaitikia kwa sauti nyingi. Ndiyo pumzi ya wimbo: wembamba, unene, wembamba, unene. Hukwe alikuwa bwana wa wembamba huo, na nafasi ya yeye kuwa peke yake kabla kundi halijaingia ndiyo iliyompa ukubwa. Pendo na Leah wanapoongoza wawili, mwito wenyewe unakuja tayari umeunganishwa. Hakuna tena mtu mmoja mbele na wengi nyuma. Wimbo unaanza ukiwa mnene na unazidi kuwa mnene. Msikilizaji aliyezoea kusubiri kiongozi amalize ili kundi liingie anajikuta hana pa kusubiri. Haya ni mageuzi ya muundo. Brook na gitaa lake lisilokufa hakuugusa muundo huo. Msafiri na besi yake hakuugusa. Hawa wameugeuza bila kelele, kwa kitu kilichokuwepo siku zote.

Ndiyo maana mashine kwenye Maisha hazinisumbui. Zipo, chini, mara nyingi ni besi na mguso wa vinanda, na watayarishaji wameonyesha adabu kwa kuziacha sauti mbele. Mvumo wa utando wa buibui umeachwa pia, na kwa hilo nawashukuru watu nisiowafahamu. Lawama yangu ni moja. Besi katika nyimbo kadhaa ni laini mno na inakwenda kama besi yoyote ya jukwaa la tamasha la kiangazi huko Ulaya. Muheme inazungumza, ina maswali na majibu yake yenyewe, na palipo na muheme mbili zinazojibizana sioni besi inakuja kuongeza nini. Albamu inayofuata, kama itakuja, ningependa wampe mapumziko mpiga besi kwa nusu ya nyimbo waone kitakachotokea.

Lipo suala ambalo linaniuma kuliko besi. Mageuzi yote matatu yamelipiwa Uingereza na yakapimwa kwanza na masikio ya huko. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu kina Zawose. Mwanamuziki huenda penye kumlipa, na hapa nyumbani hakuna aliyekuja na fedha. Lakini mwelekeo mpya unaopimwa na hadhira ya nyumbani huwa na tabia nyingine. Saida Karoli alipotokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nyimbo zake za Kihaya, waliompokea walikuwa abiria wa mabasi na wauza kanda wa masoko ya nchi nzima, watu ambao wengi wao hawakujua neno la Kihaya. Wimbo wake wa Maria Salome ukaingia kwenye kila harusi, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautumia kutengeneza Salome yao. Huo ni wimbo ulioingia mtaani, ukazeeka mtaani, ukazaa mtaani. Uhamiaji haijawahi kupata nafasi ya kuzeeka hapa.

Tabora yenyewe ina ushahidi wake. Mji huu, mbali na bahari, ulikuwa na bendi za dansi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kiko Kids walikuwa na mandolini ya Salum Zahoro na masikio yaliyojaa santuri za Kikyuba, na hakuna aliyewaambia kwamba mandolini si ya Unyamwezi. Tabora Jazz wakaja na mtindo wao wa Segere Matata, na Shem Karenga akawatungia Dada Asha ambayo wazee wetu bado wanaiimba yote. Mwelekeo ulibadilika ukumbini, Jumamosi usiku, mbele ya watu waliolipa kiingilio na ambao wangeondoka kama wasingependa. Chemko, ile sehemu ya wimbo yenye kasi, lilirefushwa kwa kuwa watu hawakutaka kukaa. Bendi ilisahihishwa na miguu ya wachezaji.

Maisha haijapewa miguu hiyo. Redio zetu za mikoani zinapiga Bongo Fleva na singeli, injili asubuhi na zilipendwa usiku, na hakuna kipindi ambacho albamu ya Kigogo yenye besi ya umeme inaingia bila kuombewa. Kwa mtangazaji wa ngoma za asili ni ya kisasa mno. Kwa mtangazaji wa muziki mpya ni ya asili mno. Na hata hivyo vijana wa vijiwe vya bodaboda hapa Cheyo, wanaosikiliza singeli yenye mapigo ya kasi kuliko chochote alichowahi kupiga Hukwe, wana masikio yaliyo tayari kabisa kwa muheme. Kasi wanaijua. Kurudiarudia wanakujua. Kinachokosekana ni mtu wa kuwawekea.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watangazaji wa redio za Tabora na Dodoma, na si kwa Real World. Chukueni nyimbo tatu za Maisha, mzipange katikati ya vipindi vya mchana pamoja na nyimbo za kawaida, bila utangulizi wa urithi wa utamaduni na bila ile sauti ya heshima mnayoitumia Siku ya Uhuru. Pigeni mwezi mmoja, kisha wapigieni simu wasikilizaji wenu muwaulize. Na wewe msomaji mwenye simu na bando, anza na Chibite ili ujue kiti kilivyokuwa, uruke Assembly kama muda ni mfupi, halafu nenda moja kwa moja kwa Pendo na Leah. Tumia spika, si zile za masikioni. Muheme haisikiki vizuri bila hewa ya chumba.